Vichupa Vitano Kwenye Sanduku la Baridi

Tangazo lilibandikwa kwenye nguzo ya kona siku ya Ijumaa: umeme ungekatwa Jumatatu asubuhi, kwa siku sita mfululizo, mitambo mikuu ikibadilishwa. Watu walilisoma, wakaguna, wakaenda kununua mishumaa. Fundi Barafu alilisoma mara mbili, kisha akashika njia ya nyumbani, nusu anatembea nusu anakimbia. Kwake yeye umeme haukuwa suala la taa na runinga. Binti yake wa miaka kumi na mmoja aliishi kwa sindano mbili kila siku, moja asubuhi na moja jioni, na insulini ya sindano hizo ilikaa kwenye friji, rafu ya katikati, ndani ya kopo ambalo hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuligusa.

Binti huyo walimwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Aliongea akila, aliongea akipiga mswaki, na akikosa wa kuongea naye aliongea na paka. Sukari ilimwanza akiwa na miaka minane, na ilikuwa nusura iondoke naye. Baba yake hakuisahau ile wiki ya hospitali. Aliapa kwamba kama kuna kitu kitamdhuru tena mtoto huyu, hakitakuwa uzembe wa nyumbani kwake.

Barafu alikuwa na miaka ishirini kwenye friji za watu. Alizijua mashine kwa kusikiliza tu zinavyonguruma. Angeweza kuingia dukani kununua sabuni akatoka amemwambia mwenye duka kwamba lastiki ya mlango wa friza yake imekwisha. Na tuambizane ukweli mapema: alikuwa fundi hodari, na alikuwa na kiburi cha mafundi hodari. Ukimuuliza jambo la baridi alikujibu kabla hujamaliza. Yeye kumuuliza mtu, hapana. Fundi akianza kuulizauliza, wateja watasema nini?

Jumamosi nesi wa zahanati aliwaita wagonjwa wote wa sukari. Zahanati haikuwa na jenereta, kwa hiyo aliamua kuimaliza friji yake yote, kila mgonjwa akachukua dawa yake ya miezi miwili akaitunze mwenyewe. Mama Chiriku alirudi na vichupa vitano vipya kwenye kitambaa, amevikumbatia kifuani kama aliyebeba mayai.

"Nesi anasema tusihangaike sana," alimwambia mumewe. "Friji ikizimika, tuviweke tu mahali penye ubaridi, jua lisivipige..."

"Mahali penye ubaridi!" Barafu aliangua kicheko. "Mke wangu, nesi anajua sindano. Baridi niachie mimi."

"Na kuna kingine amesema, kuhusu—"

"Niachie, nimesema."

Akamwachia. Alikuwa ameolewa naye miaka kumi na mitano, na alijua akishasema hivyo masikio yamefungwa. Akaenda kujaza maji, maana pampu nayo ingelala siku sita. Alijaza madumu, ndoo, masufuria, hata beseni la kufulia. Akatafuta mkaa wa kutosha, akapanga mishumaa na viberiti kwenye droo, akapika maharage ya siku mbili. Kazi yake haikupigiwa makofi na mtu, ila ndiyo iliyoifanya nyumba ile ikalike.

Makofi yalikuwa uani. Barafu alitoa bodi la friza iliyokufa zamani, akaenda kwa seremala akarudi na magunia ya maranda ya mbao, akayashindilia kila upande, akatandika karatasi ya fedha ndani. Kisha akafanya mambo yake. Alijaza chupa za plastiki maji yaliyokorogwa chumvi nyingi, akazigandisha usiku kucha kwenye friza kubwa ya karakana. Maji ya chumvi, aliwaeleza majirani waliokuwa wamejaa uani wakimtazama, yakishaganda hutoa baridi kali kuliko barafu ya kawaida, na baridi yake haikimbii. Hiyo ndiyo siri ya wanaosafirisha nyama mwendo wa siku tatu. Akapima mlango kwa kipande cha karatasi: ukikivuta kikatoka, lastiki inavuja. Kilikataa kutoka. Watu wakashangilia.

Ikawa kila mtu anataka sanduku. Akamtengenezea Mama Samaki, jirani wa ukuta mmoja. Akamtengenezea na Kinyozi wa barabarani, ambaye naye alikuwa mgonjwa wa sukari, akampangia dawa zake kwa mikono yake mwenyewe. Aliyemkatalia ni mmoja tu, Bibi Taipu, mama mtu mzima aliyestaafu uchapaji wa ofisini. Naye alikuwa na sukari.

"Ahsante, mwanangu, mimi yangu nimeshaiweka," alisema.

"Umeiweka wapi, Bibi? Joto hili? Itaoza hiyo. Utanikumbuka."

"Haya, nitakukumbuka," Bibi Taipu alijibu, akaendelea kumwagilia maua yake.

Jumapili jioni Barafu alivipanga vile vichupa vitano katikati kabisa ya sanduku, chupa za chumvi chini, juu na ubavuni, kama mtoto aliyelazwa katikati ya wazazi wake. Akafunika, akazungushia mkanda wa gundi mara nne. "Lisifunguliwe hadi Jumatano asubuhi," akatangaza. "Kila ukifungua, baridi inatoka. Mtu asilisogelee." Kulikuwa na kichupa cha zamani kilichobaki na dawa ya siku mbili. Hicho alikubali kikae kwenye kikombe kabatini. Kingeisha upesi, alisema, hakikuwa na muda wa kuharibika.

Jumatatu umeme ukakatika saa ileile waliyosema. Siku ya kwanza ilipita kwa utani. Siku ya pili simu zikaanza kufa, kisha minara nayo ikanyamaza. Jumanne jioni, Mama Chiriku alipovuta dawa ya kile kichupa cha zamani, sindano ilijaa nusu tu.

"Haitoshi," alisema. "Fungua sanduku."

"Asubuhi ndiyo siku yake."

"Baba Chiriku, dozi haijatimia."

"Nusu si amepata? Nusu nyingine atafidia asubuhi. Tukilifungua sasa tunapoteza baridi ya siku nzima kwa ajili ya kichupa kimoja." Akasema kwa upole, kama anayemwelewesha mteja. Mkewe akamtazama sana, kisha akamdunga mtoto ile nusu.

Jumatano asubuhi Mama Samaki ndiye aliyetangulia kufungua. Barafu alikuwa uani anapiga mswaki aliposikia kitu kinagongwa kwenye ukingo wa karai. Ko, ko, ko.

"Fundi! Njoo uone maajabu!" Mama Samaki alikuwa ameinua samaki juu, anamtikisa kwa mkia. "Siku ya tatu hii, samaki jiwe! Huyu nikimrushia mwizi namvunja mguu!"

Barafu alicheka hadi povu likamtoka puani. "Nilikwambia! Hata siku ya tano utamkuta hivyohivyo!"

Alicheka, halafu kicheko kikamkauka. Akamtazama tena yule samaki, mgumu, mweupe, ana chembe za barafu machoni. Akatema povu akaingia ndani bila kusukutua.

Mkanda ulipiga kelele alipoubandua. Alipofunua, baridi ilimpiga usoni, baridi nzuri, baridi ya kujivunia, na kwa mara ya kwanza maishani aliichukia. Kichupa cha kwanza kilikuwa kimenata kwenye chupa ya chumvi, akakibandua kwa kucha. Akakigeuza juu chini. Dawa haikusogea. Akatoa cha pili, cha tatu, cha nne. Cha tano kilikuwa kimepasuka. Nyuma yake Mama Chiriku alikuwa amesimama na sindano mkononi, tayari.

"Imeganda?" aliuliza.

"Itayeyuka. Dakika kumi tu, naishika mkononi."

"Nesi alisema ikiganda tutupe." Sauti yake ilikuwa chini mno. "Ndicho kile kingine nilichotaka kukwambia Jumamosi. Hata ikiyeyuka ikaonekana nzima, haina kazi tena. Sanduku ni lako, baridi ni yako, nikasema basi, huyu anajua."

Kwenye mkeka wa sebuleni Chiriku alikuwa anamalizia kikombe cha nne cha maji tangu aamke. Hakuwa ameongea neno.

"Leo nina kiu, Baba," alisema, akainua kikombe aongezewe.

Barafu alitoka shoti. Hakuna simu ya kupiga, hakuna bodaboda yenye mafuta, maana pampu za vituo nazo zilikufa na umeme. Alikimbia mtaa hadi mtaa, kichupa kimoja ameking'ang'ania kwenye ngumi, na kila hatua moyo wake ulikuwa unabishana: labda nesi alitia chumvi, labda hii imeganda kidogo tu. Alipofika zahanati na kufungua ngumi, dawa ilikuwa imeyeyuka, maji safi, haina hata chembe.

"Tazama, nesi," alisema akihema. "Tazama mwenyewe. Si nzima hii?"

Nesi alikipokea, akakiinua dirishani. "Kwa macho ni nzima," alisema. "Mdunge mtoto, ni kama umemdunga maji. Vimebaki vingapi?"

"Vyote ndivyo hivyo."

Nesi akakaa chini. Akamweleza bila kumzungusha: zahanatini hakikubaki hata kichupa kimoja, vyote alivigawa. Gari la wagonjwa lilikuwa limempeleka mama mjamzito hospitali kubwa, na lisingerudi kabla ya jioni. "Jana jioni alipata dozi kamili?"

"Nusu."

"Nusu," nesi alirudia. "Na asubuhi hajapata. Sasa sikiliza. Akianza kutapika, akianza kuhema kwa nguvu kama aliyekimbia, hatuna jioni ya kusubiri." Kisha akasema jambo ambalo pengine asingelisema angekuwa amelala vizuri. "Mngeviacha tu kwenye kikombe kabatini vingekaa wiki nne. Nilimwambia mkeo."

"Aliniambia. Ni mimi sikumsikiliza."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema jambo hilo, na halikumpunguzia uzito wowote. Nesi akakuna kichwa, akasema kuwa mambo ya wagonjwa ni siri lakini leo Mungu atamsamehe: kwenye mitaa hii ni watu wawili tu wanaotumia insulini ya aina ileile. "Bibi Taipu. Na Kinyozi."

Barafu alishika ukingo wa meza. Kinyozi! Mikono yake mwenyewe ndiyo iliyompangia, chini, juu na ubavuni.

Saluni ilikuwa njiani, hangeweza kuipita. Mlango ulikuwa wazi nusu. Kinyozi alikuwa amekaa kwenye kiti chake mwenyewe cha wateja, taulo shingoni, anajitazama kwenye kioo kama anayesubiri kunyolewa. Midomo ilikuwa imemkauka. Dirishani vichupa vyake vitatu vilikuwa vimepangwa juani.

"Karibu, Fundi," alisema bila kugeuka. "Leo hakuna mashine, hata nywele zenyewe sizioni vizuri. Tangu jana mwili hauko sawa. Nilikuta dawa imeganda, nikaiyeyusha, najidunga, na sukari haishuki. Nadhani mwili wangu umechoka."

"Si mwili wako," Barafu alisema. "Ni mimi."

Kinyozi alimtazama kupitia kioo.

"Ikiganda inakufa. Nimeambiwa sasa hivi. Nimeiua dawa yako, na nimeua na ya mwanangu."

"Jumapili nilikuuliza," Kinyozi alisema polepole. "Nilikuuliza, Fundi, haitaganda hii?"

"Uliniuliza."

"Ukanijibu baridi haijawahi kuharibu dawa."

"Nilikujibu hivyo."

Kinyozi angemtukana ingekuwa nafuu. Angemrushia kitana, angemshika shati. Badala yake alifuta uso kwa taulo, akauliza, "Mtoto ana hali gani?" Barafu akatikisa kichwa tu. Akamwambia anakwenda kwa Bibi Taipu. "Tangulia," Kinyozi alisema. "Mimi sina miguu ya kukimbia. Nitakukuta kwako."

Bibi Taipu alikuwa barazani akichambua mchele. Barafu hakubisha hodi. Alipiga magoti palepale kwenye ngazi, mtu mzima mwenye mvi za kwanza, jasho linamtiririka hadi kwenye mchele wa watu, akaeleza yote kwa pumzi moja na hakujificha popote.

Bibi alimsikiliza hadi mwisho. Akaweka ungo chini, akaingia ndani. Barafu alimwona kupitia mlango akifungua kabati la vyombo, akisogeza sahani, akitoa kikombe cha chai chenye mpini uliovunjika. Ndani ya kikombe mlikuwa na vichupa vitatu. Hapakuwa na maranda, chumvi wala mkanda wa gundi. Barafu alitamani ardhi immeze.

"Hiki nimeshakifungua, kitanitosha hadi umeme urudi na zaidi," Bibi alisema. "Hivi viwili chukua. Kimoja cha mtoto, kimoja cha Kinyozi."

"Bibi, na wewe..."

"Mimi nesi atanitafutia. Simama, unanivunjia ngazi." Akavifunga kwenye leso, fundo moja, akamkabidhi. Alipokwisha kumkabidhi hakuachia. Aliendelea kushika leso upande wake, wote wawili wameishika. "Mwanangu, nakuomba kitu kimoja. Usivifanyie chochote. Umenisikia? Vipeleke hivyohivyo. Usivifanyie chochote."

"Sivifanyii, Bibi."

Ndipo akaachia. Barafu alirudi kwa kufuata kivuli cha kuta, leso ameifunika kwa viganja viwili. Alitamani kukimbia na aliogopa kuanguka. Njia ile aliyoizoea, yenye friji zake nyumba hadi nyumba, ilirefuka kama imeongezwa. Alipofika kona ya kwao alimsikia Mama Samaki akimwita, "Fundi, sanduku lako linahitaji kupewa tuzo!" na hakugeuza shingo.

Chiriku alikuwa ametapika mara mbili. Alilala ubavu kwenye mkeka, macho nusu, anahema kwa nguvu, kwa kina, na pumzi yake ilinuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Nesi alikuwa ameshafika. Alimwachia msaidizi zahanati akaja kwa miguu na kipimo chake. Alichukua kichupa, akakikagua, akavuta dawa, akapiga sindano kwa kidole kutoa hewa. Sindano ikaingia, ikatoka.

Kisha wakasubiri. Kila saa nesi alipima, akadunga tena kidogo, na Mama Chiriku akamnywesha mtoto maji kwa kijiko, kijiko baada ya kijiko. Barafu alitaka kushika kijiko, mkewe akaendelea kana kwamba hakumwona. Kinyozi aliwasili akijishikilia ukuta, akadungwa dawa yake, akakaa pembeni akiegemeza kichwa. Alipopata nguvu za kusimama aliaga kila mtu, mmoja mmoja. Kinyozi hakumpa Barafu mkono, alimwinamishia kichwa tu.

Alasiri ile ndefu Barafu aliomba. Hakuwa mtu wa kuomba sana. Aliahidi kila kitu alichonacho, akaona hakitoshi, akaahidi na ambavyo hana. Aliomba apewe yeye ugonjwa huo leoleo. Mtoto aliendelea kuhema, na yeye alihesabu kila pumzi, akishtuka kila pumzi iliyofuata ilipochelewa.

Jua lilipoanza kushuka, pumzi zikatulia. Nesi alipima, akaangalia namba, akaangalia tena. "Inashuka," alisema. "Hajapona huyu, msije mkadanganyika. Gari likirudi nitampeleka hospitali kubwa alale huko. Ila nitampeleka mzima." Mama Chiriku akajiziba uso kwa khanga, mabega yakimtikisika. Nesi akamshika mgongo, akamwambia dawa iliyobaki itunzwe vizuri, ndiyo itakayotumika hadi hospitali na baada ya hapo.

Barafu alikuwa amesimama mlangoni. Alifungua kinywa aseme anajua kabati gani lina kivuli, lile la ukuta wa kaskazini, jua haliligusi kutwa. Kwa kweli alijua. Lilikuwa jambo dogo, na safari hii alikuwa na hakika nalo.

"Mama," Chiriku aliita. Sauti ilikuwa nyembamba, imekwaruzika.

"Naam, mwanangu. Niko hapa."

"Dawa... usimpe Baba."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtoto anayemkumbusha mama yake kwamba sufuria bado ya moto. Nesi akageuka haraka kufunga begi lake. Mama Chiriku alikuwa na leso mkononi, hakumjibu mtoto wala hakumkaripia. Alisimama tu katikati ya chumba, akasubiri, hamtazami mumewe.

Ilimchukua Barafu muda kuelewa anachosubiriwa.

"Natoka," alisema.

Akatoka uani. Dirisha lilikuwa wazi nyuma yake, akaligeuzia mgongo asione hata kwa bahati mbaya. Alisikia hatua za mkewe, kabati moja likifunguliwa, likifungwa, kisha jingine, kisha kimya. Alibaki amesimama hivyo hadi alipoitwa kuja kumbeba mtoto kumpeleka kwenye gari.